Risala ya Wapenzi wa Timu kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kumuaga Kipa Wetu wa Akiba, Makorora, Tanga

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wa timu,
Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu,
Wachezaji, wazazi, wazee wetu wa baraza, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za jioni.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi wapenzi wa timu hii tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, hasa ukizingatia kwamba hatukukualika kuzindua jengo wala kukabidhi kombe. Tumekualika umuage mtu ambaye kazi yake, kwa muda mwingi aliokuwa nasi, ilikuwa ni kukaa.

Mji wetu una msemo wake: Tanga, waja leo waondoka leo. Kaka yetu huyu alikuja kutoka Pangani misimu 9 iliyopita kufanya majaribio ya siku tatu, akiwa na mkoba wenye jezi moja na kipande cha kanga ya mama yake alichokifanya taulo, na hakuondoka. Katika misimu hiyo amesimama langoni katika mechi za ligi mara 11. Hesabu hiyo hatukuipata kwa katibu. Tuliifanya wenyewe wiki iliyopita, barazani, juu ya kahawa, na tulibishana sana kuhusu mechi moja ya masika ambayo refa aliivunja kipindi cha pili kwa sababu mpira ulikuwa unaelea, kama ihesabiwe au isihesabiwe. Tumeihesabu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie tueleze kidogo nafasi hii ilivyo, maana hata sisi tunaoshinda uwanjani tumechelewa kuielewa. Mshambuliaji wa akiba ana matumaini kila Jumamosi, kwa kuwa timu ikizidiwa ataingizwa, na ikiongoza ataingizwa pia ili mwenzake apumzike. Beki wa akiba anaweza kusogezwa akacheza kiungo. Kipa hana pa kusogezwa, kwani lango ni moja na mwenye kulisimamia ni mmoja. Sheria za soka zilipoanza kuruhusu mabadiliko ya wachezaji watano mwaka 2020, wenzake wa benchi walifurahi, naye akawapigia makofi, ingawa kwake yeye hakuna kilichobadilika. Ili acheze ni lazima kipa wa kwanza aumie, augue, atolewe kwa kadi nyekundu au apoteze kiwango, na hayo yote ni mambo ambayo mtu muungwana hawezi kumwombea mwenzake. Sasa fikiria mtu anayejiandaa wiki nzima kwa jambo ambalo moyoni anaomba lisitokee.

Wapo wazee hapa, baadhi yao wamekaa mstari wa mbele, ambao ukiwagusa tu watakutajia kikosi cha Coastal Union kilichotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, jina kwa jina, pamoja na nani alimpa nani pasi. Tuliwauliza kipa wa akiba wa mwaka ule alikuwa nani. Kila mmoja alitaja mtu wake, na ubishi ule haujaisha hadi leo.

Tukirudi kwa mtu wetu, wengi wenu mnamfahamu kama mshonaji wa nyavu pale Deep Sea. Ni riziki yake ya asubuhi, na ndiyo iliyotufaa sisi jioni, kwa sababu nyavu za magoli mnazoziona nje hapo hazijawahi kununuliwa mpya tangu aje. Kila zinapotoboka huja na sindano yake ya mti na uzi wake mwenyewe, hukaa chini kwenye mchanga miguu ameinyoosha, akaziba tundu moja baada ya jingine huku wenzake wakipasha misuli moto. Glavu zake nazo zilikuwa vivyo hivyo. Alirithi zile zilizochoka za kipa wa kwanza, ambazo sponji ya kiganjani ilikuwa imebanduka, akazishona pembeni kwa mshipi wa kuvulia, na baada ya kila mazoezi akazifua kwa sabuni ya kipande na kuzianika kivulini, kwani jua, alivyotuambia, hukausha mpira wa glavu ukakatika kama biskuti.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuna jambo ambalo kamati ya risala ilijadili kama lisomwe au liachwe, na tukaamua lisomwe. Miaka minne iliyopita, mwezi wa Juni, upepo wa kusi ukiwa umeshika, kipa wetu wa kwanza aligongana na mshambuliaji akateguka bega, na kaka yetu akaingia baada ya karibu misimu miwili bila kugusa mpira wa ligi. Mpira wake wa kwanza ulikuwa wa kona. Ulipaa, upepo ukaurudisha ndani, akaruka akaupata kwa mikono yote miwili, kisha ukamtoka, ukadunda mara moja na kuvuka mstari. Tulifungwa bao lile moja na mechi ikaisha. Kelele zilizotoka upande wetu sitazirudia mbele ya watoto wa shule. Tulimwita Spea, tukamwambia arudi Pangani akavue dagaa, na mmoja wetu akarusha chupa ya maji iliyoanguka karibu na nguzo ya goli. Yeye aliiokota, akaisimamisha vizuri nyuma ya nyavu isimkwaze mtu, akaendelea kudaka. Filimbi ya mwisho ilipolia alikuja nayo mpaka tulipokaa, akauliza kwa upole kabisa, "Jamani, nani kasahau maji yake?"

Hakuna aliyejibu. Aliyeirusha ni mimi ninayesoma risala hii.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na nusu, alikuwa wa kwanza kufika uwanjani.

Ndugu Mgeni Rasmi, watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa uchungu wa matuta. Mwaka 2022, kule Arusha, Coastal Union walitoka sare ya 3-3 na Yanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho, Abdul Suleiman "Sopu" akafunga mabao yote matatu, na bado kombe likaondoka kwa mikwaju ya penalti. Ndiyo maana nusu fainali yetu ya mwaka jana ilipofika kwenye matuta wengi tuligeuza shingo tukatazama barabarani. Waliotazama uwanjani waliona kitu ambacho hatukukijua. Kaka yetu alikuwa na daftari la shule, la kurasa 40, alimoandika kwa misimu kadhaa kila mpigaji wa penalti wa timu za jirani: mguu anaoutumia, upande anaoupenda, na kama hukimbia moja kwa moja au husita. Alilisoma pale benchi kwa haraka, kisha kabla ya kila mkwaju akajifuta jasho kwa ile kanga, bega la kulia au la kushoto. Kipa wetu wa kwanza alipangua mbili. Tulimbeba yeye juu juu hadi barabarani, na mwenye daftari akabaki anakusanya koni za mazoezi.

Mambo kama haya yamewahi kutokea hata kwenye viwanja vikubwa. Oliver Kahn, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia mwaka 2002, aliwekwa benchi katika fainali za mwaka 2006 nchini kwake Ujerumani, nafasi akapewa Jens Lehmann, na watu hao wawili walijulikana kuwa hawapatani. Robo fainali dhidi ya Argentina ilipofika kwenye penalti, Kahn alimfuata Lehmann pale alipokaa, akamshika mkono na kumtia moyo. Lehmann alidaka mbili, Ujerumani ikapita. Wapo waliopata bahati ya upande wa pili, kama Tim Krul wa Uholanzi aliyeingizwa dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza dhidi ya Costa Rica mwaka 2014 na kuokoa penalti mbili. Lakini sisi, tukichagua, tunamfananisha kaka yetu na Kahn wa siku ile, ukiondoa ugomvi, maana huyu hajawahi kugombana na mtu.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto za timu ni zilezile zilizosomwa katika risala zilizopita, kwa hiyo hatutazirudia. Tuna maombi mawili yanayohusu siku ya leo. La kwanza, wadau wakisaidia timu za watoto huleta jezi na mipira, wakibahatika na daluga, ila glavu huwa hakuna anayezikumbuka. Makipa wa shule hii wanadakia mikono mitupu, na mbele ya goli la kaskazini pamechimbika shimo linalojaa maji kila masika. Tunaomba glavu jozi nne na lori moja la kifusi. La pili, kaka yetu amekubali kubaki kuwafundisha watoto hao, na tunaomba utusemee kwa viongozi waweke utaratibu wa kumpatia posho, hata kama ni ndogo, ili jioni zake zisiwe sadaka tena.

Sasa tunaomba umkabidhi kwa niaba yetu boksi lililo mezani. Ndani yake mna glavu mpya, ambazo ni za kwanza kwake kupewa na timu hii zikiwa bado kwenye karatasi yake. Pembeni ya boksi kuna chupa moja ya maji, imejaa. Hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, naomba ruhusa yako nimkabidhi mwenyewe, kwa mkono.

Tunaomba kuwasilisha.