Mapigo ya mtoto yasikilizwe kweli, sio kujaza karatasi asubuhi

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili limenikaa rohoni. Mwaka jana nilimsindikiza wifi yangu kujifungua kituo kimoja cha afya huku huku Dodoma, tukafika saa mbili usiku, nesi akaweka ile fetoskopu ya bati tumboni, akainamisha sikio, macho kwenye saa, midomo inahesabu taratibu, akasema mtoto yuko vizuri, 140. Nikashukuru Mungu. Basi ndo ikawa mwisho, mpaka saa nane wifi anaanza kusukuma hakuna aliyesikiliza tena, na nesi simlaumu jamani, alikua peke yake na wazazi saba na mmoja anatoka damu.

Mtoto katoka kalegea, halii, wakambinyia hewa na ambu, ule mfuko wa kumpulizia pumzi, mpaka akalia. Yuko mzima. Ila asubuhi nikamkuta nesi anajaza patografu, ile karatasi ya kufuatilia mama na mtoto wakati wa uchungu, vidoti vya mapigo anavipanga kila nusu saa usiku mzima, vimenyooka kama mstari.

Kuna mkunga tunasali nae, yeye ndo alinielewesha. Uchungu ukikaza damu inayopita kwenye kondo kwenda kwa mtoto inapungua, mwenye nguvu anavumilia, aliyechoka mapigo ya moyo yanashuka na hata uchungu ukiachia yanachelewa kurudi. Kwa hiyo kusikiliza ni dakika nzima, uchungu ukiwa umekaza na ukishaachia, kila nusu saa au chini ya hapo, na akianza kusukuma ni kila dakika 5. Kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Sasa toka saa mbili mpaka saa nane hapo katikati ungejuaje?

Wengine wanadai mashine za kufunga mkanda tumboni zinazopima mapigo ya mtoto zenyewe. Kwa mwenye presha sawa, ila mzazi asiye na shida hata Shirika la Afya Duniani halishauri afungwe muda wote. Fetoskopu inatosha, shida ni mtu wa kuishika, wakunga wa zamu ya usiku waongezwe na ndugu mmoja aruhusiwe kukaa ndani, simu ina alamu, nusu saa ikifika anamwita nesi.

Na kama nesi hakusikiliza, naomba sana aache wazi kwenye karatasi, daktari akikuta pengo ajue huyu mama hajaangaliwa.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma