Risala ya Wafanyakazi kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kufunga Semina ya Maandalizi ya Kustaafu

Mheshimiwa mgeni rasmi, wajumbe wa menejimenti, viongozi wa tawi la chama chetu, na wafanyakazi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Kwa mujibu wa sheria sisi sote ni wanachama wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambako mchango wa mfanyakazi na wa mwajiri kwa pamoja hufikia asilimia 20 ya mshahara. Tunachoomba kukieleza leo ni mpango wa ziada wa hiari wa akiba ya kustaafu alioufungua mwajiri wetu, ambao wengi bado hatujajiunga nao.

Mheshimiwa, kinachotuvuta ni mchango wa mwajiri. Mfanyakazi akielewa kwamba akikatwa naye mwajiri anamwongezea, huacha kuyaona yale kuwa makato tu, huyaona kuwa sehemu ya ujira wake ambayo asipojiunga inampita.

Kinachoturudisha nyuma ni hofu, na hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 2018 kikokotoo kipya cha mafao ya kustaafu kilipopunguza malipo ya mkupuo, yaani sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mara moja, kutoka asilimia 50 hadi 25 kwa watumishi wengi wa umma, manung'uniko yalikuwa makubwa hata Rais John Magufuli, Desemba mwaka huo, akaagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Sisi wa sekta binafsi hatukuguswa kwa namna ile ile, lakini tuna wazazi na ndugu walioguswa. Zaidi ya hapo, wapo kati yetu waliowahi kukatwa kila mwezi na mwajiri wa zamani, wakaja kugundua kwamba michango haikuwasilishwa. Mtu wa namna hiyo hashawishiwi na kipeperushi. Anataka kuiona michango yake kwa macho yake.

Kwa hiyo tunaomba kila mwanachama apewe taarifa ya michango yake kila mwezi, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao miongoni mwa wadhamini, yaani wasimamizi wa fedha za mpango. Tunaomba pia mfanyakazi mpya aandikishwe siku anayoripoti kazini, na asiyetaka ndiye ajaze fomu ya kujitoa, kama Uingereza ilivyoanza kufanya mwaka 2012, kwa kuwa wengi wetu hatujaukataa mpango huu. Tumekuwa tukiahirisha fomu mwezi hadi mwezi, huku ada za shule na kodi ya nyumba zikitangulia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.