Mwezi wa sita tunatembea: barua kwa nyumbani Lindi

Assalaam alaykum nyumbani,

Shikamoo mama, shikamoo baba mkubwa, shikamoo shangazi. Da Somoe na wadogo zangu, habari za huko? Sisi huku Freiburg, Ujerumani, wazima kabisa, baridi imeanza kuachia na watoto kila siku wanauliza bado wiki ngapi, maana tiketi tumeshakata na likizo yao ya Pentekoste ni wiki mbili, kwa hiyo mwezi wa sita tuko Lindi inshallah.

Mama uliuliza kwenye vois tukija tunataka tufanyiwe nini. Hamna cha kufanyiwa mama, tunataka kutembea. Kusalimia ndugu ni lazima na tutasalimia wote, ila mi nasemea kutembea kwa miguu, porini na milimani, asubuhi mpaka jioni, familia nzima, na tukipumzika tunakula vya kwetu. Najua utasema sisi kila siku tunatembea kwenda shamba na sokoni, sa kutembea bila shughuli ndo nini. Lakini mama, lini umewahi kukaa kileleni ukaangalia mkoa wako bila mzigo kichwani? Hicho ndo nakitaka kwako.

Huku watu wanalichukulia hili jambo kwa uzito sana. Jumamosi asubuhi treni na mabasi yamejaa wazee wa miaka sabini na kitu, kila mmoja na fimbo zake mbili na begi mgongoni, wanaenda kupanda Schauinsland, mlima wa mita 1,284 hapa juu ya mji wetu. Kuna kebo ya kupandisha watu tangu 1930, ila wengi wanapanda kwa miguu afu wanashuka na kebo kuokoa magoti. Njia zote zina alama ya kialmasi kwenye miti, njano ni za karibu, bluu za mbali, nyekundu ndo ile njia kubwa ya Westweg inayotoka Pforzheim mpaka Basel kule Uswisi, karibu kilomita 285, ipo tangu mwaka 1900. Na juu kuna vibanda vya chakula, unakuta supu ya moto, mkate mweusi na jibini la ng'ombe uliowapita njiani. Ile keki yao maarufu ya cheri siigusi kwa sababu wanatia pombe, ila keki ya jibini watoto wanaipanda mlima kwa ajili yake.

Kitu nilichokipenda zaidi ni jinsi wanavyopanga. Hawaendi kwa kukisia. Wanahesabu kilomita nne kwa saa kwenye tambarare na mita 300 za kupanda kwa saa, halafu unachukua ile hesabu kubwa unaongeza nusu ya ndogo. Yaani njia ya kilomita 12 yenye kupanda mita 600, umbali ni saa tatu, mlima ni saa mbili, jumla saa nne ukiacha mapumziko. Kwetu na lile jua mi naongeza saa nzima, na tunaanza saa kumi na mbili alfajiri ili saa tano tuwe kivulini tunakula.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike barua ndefu hivi. Nilienda Berlin kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, nikasimama chini ya mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria), Giraffatitan, kimo zaidi ya mita 13, na ametoka Tendaguru, kwetu Lindi! Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, lakini waliochimba kwa mikono yao na kubeba ni watu wetu, msimamizi wao mkubwa akiitwa Boheti bin Amrani, na mifupa ile ilibebwa mabegani na vichwani kwa mwendo wa siku nne mpaka bandarini Lindi. Watoto wa shule wa Berlin wanajipanga kumwangalia, na wa Lindi wangapi wamefika hata kwenye kilima alikotoka? Mi nilitokwa na machozi pale, nasema ukweli. Kwa hiyo Tendaguru lazima, ni kama kilomita 60 tu kutoka mjini upande wa Mipingo, gari litufikishe linapoweza na kilichobaki tumalize kwa miguu, tukanyage ile njia. Baba mkubwa naomba wewe ndo utuongoze, na tukifika kijijini tunaanza ofisi ya mtendaji kujitambulisha afu tunatafuta mwenyeji wa kututembeza na tunamlipa vizuri, hilo sitaki ubishi.

Ila tusianze na huko. Siku za mwanzo tuvuke na boti kwenda Kitunda, tupande vile vilima vya upande wa pili taratibu, jioni turudi tule pweza wa kuchoma ufukweni. Hapo ndo tutajua miguu ya nani ipoje. Halafu Rondo, mama kule utapapenda, ni juu, kuna baridi baridi na msitu wenye komba wa Rondo, kanyama ka gramu kama 60 hivi kanakotoka usiku, hakapatikani nchi nyingine yoyote. Msitu ni hifadhi ya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo Da Somoe naomba upite ofisini kwao uulize kibali na ada mapema. Tukipata siku zaidi tunaenda Newala kusimama Shimo la Mungu tuone bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, wakati wa kurudi tunapita Mikindani.

Chakula shangazi nakuachia wewe. Ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ya kuchemsha kwenye vifuko, hiyo ni bora kuliko biskuti zote za huku, inashibisha na haiharibiki njiani. Korosho za kuchoma na jivu lake, machungwa, chapati na mbaazi za nazi za kula asubuhi kabla ya kuondoka. Wanangu hawajawahi kula ming'oko na jambo hilo linaniuma. Tusibebe soda, maji tu, lita tatu kila mtu mzima.

Da Somoe, nitumie saizi za viatu za kila mtu wiki hii, chora nyayo kwenye karatasi upige picha, nataka ninunue vya kufunika kifundo maana kandambili porini siziruhusu, nyoka wapo. Na kila mtu awe na suruali ndefu au tenge refu la kufunga vizuri. Mama wewe anza sasa, kila jioni baada ya alasiri tembea mpaka ufukweni na kurudi, na yale magoti yako mwulize daktari wa kliniki yako kwanza kabla hatujaweka Rondo kwenye ratiba. Akikataa tunabadilisha, tunaenda kwa mwendo wako.

Wasalimieni majirani wote. Nasubiri hizo saizi.

Mwanenu,
Freiburg