Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Zabibu Zetu na za Afrika Kusini

Ndugu wanachama,

Swali lililoulizwa mara nyingi zaidi vikaoni mwaka huu ni hili: inakuwaje mkulima wa Dodoma akose mnunuzi, na papo hapo zabibu za Afrika Kusini zijae madukani? Nimeona taarifa yangu ijibu swali hilo. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina.

Shambani hatuna cha kuwaonea wivu. Wenzetu wa Afrika Kusini huvuna kila shamba mara moja kwa mwaka, na zabibu zao za mvinyo huvunwa kati ya Januari na Aprili. Sisi tunavuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, kwa kuwa Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, na tunauamsha wenyewe kwa kupogoa. Hii ni neema kubwa.

Wanatuzidi kwa kujua kila zabibu inakwenda wapi. Mvinyo wao wa kwanza ulikamuliwa mwaka 1659, na leo wanakamua zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Stellenbosch na Paarl wanalima za mvinyo, bonde la Hex River za kula mezani, na kandokando ya Mto Orange wanakausha. Wanajitosheleza kwa matumizi yote matatu, na ziada wanauza nje.

Sisi tumeegemea tumizi moja. Aina tunazolima, Makutupora, Chenin Blanc na Syrah, ni zabibu za kiwandani, za mvinyo, na mlaji wa mjini anataka isiyo na mbegu. Zabibu kavu nazo nyingi zinatoka nje. Ndiyo maana tuna ziada na upungufu kwa wakati mmoja, na kuongeza ekari za aina zilezile hakutatutoa hapo.

Tazameni shada la Hex River linavyotunzwa. Likishakatwa, punje mbovu huondolewa kwa mkasi, linafungwa kwenye mfuko, na ndani ya boksi huwekwa karatasi yenye salfa ya kuzuia ukungu. Kisha linaingia kwenye ubaridi unaokaribia nyuzi sifuri, na linavuka bahari hadi Ulaya likiwa bado zima. Zetu zinasubiri foleni kwenye kreti, juani, nje ya geti la kiwanda. Punje za chini zinapondeka, maji yanachuruzika, nyuki wanajaa. Mnunuzi akitaja bei ya chini mkulima anakubali, maana kesho hazitanunulika kabisa. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika kilimo chetu.

Wapo wanachama wanaotaka zabibu za nje zipigwe marufuku. Siafikiani nao. Marufuku haioteshi zabibu isiyo na mbegu, wala haijengi chumba cha baridi. Upande wa mvinyo tayari tuna kinga: unaotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo zaidi, kwa hiyo kiwanda kina sababu ya kuja kwetu. Kikija wakati matangi yake yamejaa, hata ushuru huo hautusaidii.

Kwa hiyo kamati inapendekeza fedha za mwaka ujao zianzie kwenye matangi yetu wenyewe ya mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo. Zabibu haisubiri bei. Mchuzi uliohifadhiwa vizuri unasubiri. Pili, tuombe kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kitusaidie kujaribu aina za mezani kwenye mashamba machache kabla hatujang'oa mzabibu hata mmoja. Kukausha kutafuata baadaye, nguvu zetu hazitoshi kwa yote.

Mapendekezo haya yatapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Kabla ya siku hiyo, kila mwanachama ampelekee katibu ukubwa wa shamba lake, aina alizopanda na kiasi alichokosa kuuza msimu uliopita. Bila takwimu hizo hatuwezi kujua tangi la ukubwa gani linatufaa.

Mwenyekiti