Risala ya Kikundi cha Waandaaji Programu wa Mbeya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupeana Mbinu za Kanzidata

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Walimu wetu kutoka vyuoni,
Viongozi wa vyama vya ushirika mliotoka Mbozi, Rungwe na Kilolo,
Wanakikundi wenzangu,
Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu. Tunaijua barabara ya Uyole kuja mjini ilivyo asubuhi, malori ya Tunduma yakiwa yamejipanga, na bado umefika kabla ya baadhi yetu tunaokaa hapa Soweto. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu ni cha vijana wanaoandika programu za kompyuta. Wengine wameajiriwa hospitalini, wengine wanatunza mifumo ya vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) na vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), wengine wanahudumia maduka na shule binafsi, na wengine bado ni wanafunzi. Tunakutana Jumamosi, kila mtu akija na tatizo lililomkosesha usingizi juma zima. Hatusomeani slaidi. Anayetaka kutuonyesha mbinu anaiendesha pale pale kwenye kompyuta, tuione ikifanya kazi, kisha tunamwomba aivunje tuone inavunjikia wapi. Hapo ndipo kelele huanza, na majirani wa ukumbi wameshatuzoea.

Mwaka huu tuliamua kukomaa na kanzidata, yaani ule mfumo unaotunza kumbukumbu nyuma ya kila skrini. Wazo la kupanga kumbukumbu katika majedwali yanayohusiana lilichapishwa mwaka 1970 na Edgar Codd, aliyekuwa mtafiti wa IBM huko California. Miaka minne baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, wakaeleza lugha ya kuiuliza na kuiamuru kanzidata, ambayo leo inaitwa SQL. PostgreSQL, programu ya kanzidata ambayo wengi wetu tunaitumia, ilianza kama mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na leo mtu yeyote anaipakua bure. Zana basi tunazo sawasawa na programa aliye London. Tulichokuwa tumepungukiwa ni mwenzako wa meza ya pili wa kukuambia, "Ndugu, hapo utaumia."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uturuhusu tukuonyeshe kwa karibu mambo machache tuliyopeana, maana tukisema tu "tumejifunza mengi" utakuwa umesikia risala nyingi za namna hiyo.

Tuanze na Kilolo. Mkoani Iringa kuna kata inaitwa Ng'ang'ange, na nyingine Ng'uruhe. Kuna ukoo wa akina Mng'ong'o. Ile alama ndogo inayokaa baada ya "ng" ndiyo hiyo hiyo ambayo SQL huitumia kufungua na kufunga maneno. Programa asiye makini huchukua alichoandika mtumiaji akakiunganisha moja kwa moja na amri yake. Akija Juma wa Mafinga mambo yanakwenda. Akija mzee Mng'ong'o, kanzidata inadhani jina limeishia kwenye "Mng", mabaki ya jina inayasoma kama amri, na mfumo unaanguka. Karani anamwambia mzee jina lake lina matatizo! Wengi wetu tumeona karani akishauri iondolewe ile alama, na mzee anaandikishwa kwa jina ambalo si lake.

Ubaya hauishii hapo. Mlango uliomwangusha mzee wa watu ndio ambao mdukuzi huupitia. Kama maneno ya mtumiaji yanaweza kugeuka amri kwa bahati mbaya, yanaweza kugeuzwa amri kwa makusudi: nionyeshe wanachama wote, nifutie jedwali la madeni. Dawa yake ni ya siku nyingi na ni rahisi. Amri inatumwa peke yake ikiwa na nafasi zilizoachwa wazi, na maneno ya mtumiaji yanatumwa kando ili yajaze nafasi hizo. Kanzidata haiwezi tena kuyachanganya. Mzee Mng'ong'o anapita na mdukuzi anabaki nje kwa mstari mmoja wa programu. Siku ya mada hii mwenzetu mmoja alitukumbusha jambo ambalo wengi hatukuwa tumelifikiria: baadhi ya simu janja huandika alama iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa macho yetu Ng'uruhe ni ileile, kwa kanzidata ni kata mbili tofauti, na ripoti ya kata inatoka pungufu. Sasa tunazisawazisha alama hizo kabla jina halijaingia jedwalini.

Jambo la pili ni fedha, Mheshimiwa, na hapa viongozi wa ushirika tunaomba msikilize. Chukulia mwanachama wa SACCOS mwenye salio la shilingi 100,000. Yeye yuko dirishani anaomba 80,000. Mkewe yuko kwa wakala, na simu ya mume mkononi, anaomba 80,000 muda ule ule. Ombi la kwanza linasoma salio, linaona 100,000, linaruhusu. Ombi la pili linasoma kabla la kwanza halijaandika, nalo linaona 100,000, linaruhusu. Kila moja linaandika salio jipya: 20,000. Zimetoka 160,000, kitabu kinaonyesha 20,000 imebaki, na hakuna taa nyekundu iliyowaka popote. Mweka hazina atagundua mwisho wa mwezi, na wa kwanza kushukiwa ni karani.

Ukijaribu programu ukiwa peke yako ofisini, kosa hili halionekani kamwe. Linahitaji watu wawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Jumamosi hiyo tulikaa kompyuta mbili zikiangaliana, tukahesabu "moja, mbili, tatu" na kubofya pamoja mpaka tukaliona kwa macho. Kisha tukaliziba. Badala ya kusoma salio, kufikiri, halafu kuandika, tunaipa kanzidata amri moja: punguza 80,000 kwa mwanachama huyu endapo salio lake ni 80,000 au zaidi. Halafu tunaiuliza ni mistari mingapi ya jedwali imebadilika. Ikijibu mmoja, toa fedha. Ikijibu sifuri, kataa. Anayechelewa hata kwa kufumba na kufumbua anasubiri zamu yake, na zamu ikifika anapimwa kwa salio jipya. Juu ya hapo, jedwali lenyewe tunaliwekea sharti kwamba salio haliwezi kushuka chini ya sifuri, ili hata programa mpya atakayekuja baadaye bila kutujua asiweze kuliharibu.

Msimamo wetu katika hili ni mkali kidogo, na baadhi ya walimu wetu hawaukubali. Sisi tunasema ulinzi wa kumbukumbu ukae kwenye jedwali, usikae kwenye skrini pekee. Skrini hubadilishwa kila baada ya muda, programu za simu huandikwa upya, lakini jedwali la wanachama wa AMCOS litadumu kuliko sisi wote tulioliandika.

Mtandao wa huku kwetu nao umetufundisha. Karani wa kahawa huko Mbozi anapima mzigo wa mkulima, anabofya "tuma", alama inazunguka, mtandao umeshuka. Anabofya tena. Mzigo mmoja umeingia mara mbili, na mkulima ana kilo ambazo hakuleta. Kumwambia karani asibofye mara mbili ni kupoteza muda, hata wewe Mheshimiwa ungebofya. Tunachofanya ni simu kuipa stakabadhi namba yake ya pekee kabla haijatumwa, na jedwali kukataa namba iliyokwishaingia. PostgreSQL tangu toleo la 9.5, lililotoka mwaka 2016, inakuwezesha kusema kwa amri moja: ingiza, na kama ipo tayari usifanye kitu. Karani abofye mara kumi akipenda.

Kuhusu kasi nitasema kwa ufupi kwa sababu wenzangu wataonyesha baadaye, ila kuna moja ambalo wewe kama mtu wa ofisi utalielewa mara moja. Kanzidata isiyo na indeksi, yaani orodha iliyopangwa ya kuitafutia kumbukumbu haraka, hupekua jedwali zima kila inapoulizwa. Watu wakisikia hivyo huweka indeksi kila mahali, wakisahau kwamba kila indeksi hupunguza kasi ya kuandika, na kwamba mpangilio wake una maana. Indeksi ya safu mbili ni kama mafaili ya masjala yaliyopangwa kwa kata, na ndani ya kata kwa tarehe. Ukiomba ya Iyunga ya mwezi Machi unaletewa papo hapo. Ukiomba ya Machi kwa kata zote, mtunza masjala atafungua kila kabati. Kwa hiyo kabla ya kubishana tunaitumia amri ya EXPLAIN, ambayo huonyesha njia ambayo kanzidata inakusudia kupita, na mabishano huisha hapo.

Ugonjwa mwingine ni wa programu inayouliza maswali mengi madogo. Ukurasa wa wanachama 400 unaleta orodha, kisha unaiuliza kanzidata salio la kila mmoja, swali moja moja. Seva ikiwa chumba cha pili huhisi kitu. Ikiwa Ulaya, na kila swali likichukua tuseme sekunde 0.15 kwenda na kurudi, mhasibu anasubiri dakika nzima. Swali moja linalounganisha majedwali mawili huleta yote kwa mkupuo.

Mambo mengine tuliyagusa tukapita: namba za simu zihifadhiwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea, fedha zisihifadhiwe kwa aina ya namba zinazokadiria, maana humo 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili, na saa za seva zitazamwe. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC), ambayo seva nyingi huifuata, hivyo mtoto aliyezaliwa saa nane usiku wodini anaweza kuandikwa amezaliwa jana.

Na nakala rudufu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandaaji programu kazi zao mtandaoni, akiwa amechoka usiku, alifuta kumbukumbu kwenye seva ambayo siyo. Walipokimbilia nakala zao wakakuta njia kadhaa walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi, na kumbukumbu za takribani saa sita zikapotea. Waliyaandika yote hadharani ili wengine wajifunze, nasi tunawaheshimu kwa hilo. Tangu tuisome habari ile, kwetu nakala haihesabiwi kuwa ipo mpaka mtu airejeshe kwenye kompyuta nyingine na kufungua ripoti kutoka humo. Kwa umeme wetu huu, Mheshimiwa, hilo si la kuchelewesha.

Katika mazoezi yetu hatutumii taarifa za watu halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana, na hata isingekuwepo, madeni ya jirani si kitu cha kuonyesha ukutani. Tunatengeneza wanachama wa kubuni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosekani. Ukumbi tunaazimwa, na ukiwa na harusi tunahamia kibarazani. Intaneti tunachangishana bando. Mabinti katika kikundi bado ni wachache. Vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza, na tumegundua kwamba mwanafunzi anaweza kukariri mada nzima ya miamala bila kuielewa, mpaka umwelezee kwa Kiswahili habari za mume na mke na ile 80,000.

Maombi yetu ni haya. Kwanza, tunaomba chumba cha kudumu chenye umeme wa uhakika, hata kama ni darasa la shule ya kata siku za Jumamosi. Pili, na hili ndilo tunalolitilia mkazo kuliko chumba: taasisi na vyama vilivyo chini ya usimamizi wako vinaponunua mfumo, mkataba useme wazi kwamba kumbukumbu ni mali ya mnunuzi, kwamba atakabidhiwa mchoro wa majedwali na maelezo yake, na kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka nakala rudufu irejeshwe mbele yake na ifunguke. Wapo kati yetu walioitwa kuokoa mfumo ambao aliyeutengeneza hapatikani tena kwa simu, na hakuna hata karatasi moja ya kuanzia. Rasimu ya kifungu hicho tumeiandaa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na katibu msaidizi atakukabidhi baada ya risala hii. Tatu, ukipata nafasi Jumamosi yoyote, pita. Kompyuta mbili za zile 80,000 bado zimeangaliana, na tunatafuta mtu wa kubofya upande wa pili.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.
Mbeya.