Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Chuoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu na wazazi, shikamooni na karibuni sana.

Klabu ilianza na watu 6, leo tuko 22, na tunathubutu kusema hapa chuoni hakuna klabu inayogusa tatizo la dunia nzima kama yetu, maana sisi tunajaribu kugeuza hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto duniani, kuwa gesi zenye matumizi kwa kutumia umeme, na kichocheo chetu, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko hayo, ni shaba.

Kwa nini shaba? Dhahabu na fedha zinaishia zaidi kwenye kaboni monoksidi, lakini shaba, kama mwanakemia Yoshio Hori na wenzake walivyoonyesha Japani miaka ya 1980, inafika mpaka metheni na ethilini, hiyo ethilini ndiyo inayotengenezewa plastiki. Shida ni kwamba haichagui, inatoa mchanganyiko, na umeme mwingine unapotea kwenye haidrojeni. Kwahiyo tunachukua waya wa mota iliyoungua, tunaupiga msasa, tunauchoma mpaka unakuwa mweusi, halafu umeme unauondoa ule weusi na uso unabaki na chembechembe mpya, tukitarajia shaba itachagua vizuri zaidi.

Sasa mheshimiwa, mapovu tunayaona, yanapanda kwenye waya moja moja, tunayavuta kwa bomba la sindano. Ni gesi gani? Hatujui. Ukiwasha kiberiti inawaka, lakini haidrojeni inawaka, metheni inawaka, ethilini nayo inawaka, yaani mwaka mzima tunabadilisha kichocheo bila kujua kimeboreka au kimeharibika. Jibu tutalipata kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha gesi zilizochanganyika na kuonyesha kila moja ipo kiasi gani.

Mashine hii tuliahidiwa. Mgeni aliyesimama hapo mwaka juzi alisema ndani ya miezi 3, tukapiga makofi, tukapaka rangi chumba, tukachongesha meza, meza ipo mpaka leo imefunikwa kitambaa. Wa mwaka jana akasema iko kwenye mchakato. Tunawashukuru wote kwa moyo wao, ila wenzetu 4 wamehitimu wakiisubiri.

Kwa heshima zote, hatuombi jengo wala basi, tunaomba mashine hiyo, hata iliyotumika, pamoja na mtungi wa gesi ya agoni, maana bila gesi ya kusukuma sampuli ndani yake mashine haifanyi kazi. Ikishindikana kabisa, tuombee siku 2 kwa mwezi kwenye maabara yoyote iliyonayo, sampuli tutabeba wenyewe. Na ukisimama kujibu mheshimiwa, tunakuomba sana ututajie mwezi, katibu ana daftari mkononi.

Tunaomba kuwasilisha.