Kabla Hujanunua Turbo, Jua Gari Lako Litapangwa Daraja Gani

Msimu wa mbio za magari za kupanda mlima ukikaribia, simu nyingi zinazoingia hapa gereji huwa na swali lilelile: "Fundi, nifunge nini ili gari likimbie zaidi mlimani?" Sisi humrudishia mteja swali lingine, na wapo wanaokasirika: unataka kushindana na nani?

Sisi ni gereji ndogo huku Midlands, Uingereza. Wateja wetu wengi ni watu wa kwetu Afrika Mashariki wanaoishi huku, wenye Starlet, Impreza na Civic, ambao Jumatatu hadi Ijumaa wanakwenda na gari kazini na Jumapili wanataka kulipandisha mlima. Hawana wadhamini wala timu. Kila pauni inatoka mfukoni mwao, na ndiyo maana inatuuma kuona mtu ametumia pauni elfu mbili kwa vipuri vilivyomtoa kwenye daraja alilokuwa akifanya vizuri, vikamtupa kati ya magari ambayo hatayagusa hata akiongeza elfu kumi.

Kwa asiyeijua michezo hii, magari hupanda barabara nyembamba ya lami moja baada ya jingine, na kila moja hushindana na saa. Shelsley Walsh, kule Worcestershire, wanafanya hivyo tangu Agosti 1905, na njia nzima ni yadi 1000, sawa na mita 914. Prescott, Harewood na Gurston Down nazo si ndefu sana. Kwa umbali huo hata gari la kawaida humaliza kwa dakika moja hivi, na watu wa daraja moja huachana kwa vipande vya sekunde. Ukipangwa na magari yasiyo saizi yako, ufundi wako wa kona hautakuokoa.

Daraja lako linaamuliwa na mambo mawili: umelibadilisha gari kiasi gani, na injini ina ujazo gani. Tuanze na ujazo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huumia bila kujua.

Kwa magari ya kawaida yaliyosajiliwa barabarani, mgawanyo unaoukuta mara nyingi ni huu: hadi cc 1400, kutoka hapo hadi 2000, na zaidi ya 2000. Sasa ukiwa na turbo au supachaja (vyote ni vya kuisukumia injini hewa zaidi), ujazo unaohesabiwa si ule ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Unazidishwa kwa 1.4. Impreza ya cc 1994 yenye turbo inahesabiwa kuwa 2792, kwa hiyo iko daraja la juu na hakuna wa kubishana. Mini Cooper S ile ya zamani yenye supachaja, cc 1598, inakuwa 2237, nayo imepanda. Lakini chukua Starlet Glanza, ile ndogo ya turbo iliyoletwa kutoka Japani. Injini yake ni cc 1331. Zidisha kwa 1.4, unapata 1863. Imebaki daraja la kati, na ina nafasi ya kutosha. Suzuki Swift Sport ile yenye turbo, cc 1373, inafika 1922, nayo imo. Kuna hata ile Ford ya silinda tatu, cc 999 na turbo, ambayo hesabu yake inaishia 1398 na kitu. Imepona kwa cc moja na nusu, ikabaki na vigari vidogo visivyo na turbo kabisa. Sidhani kama wahandisi wa Ford walikuwa wakiwaza milima ya Uingereza, lakini mwenye gari hilo ameangukiwa na bahati.

Ukitaka kukumbuka bila kikokotoo: turbo ya kubaki chini ya 2000 isizidi cc 1428, na ya kubaki chini ya 1400 isizidi 1000.

Hesabu za namna hii zimewahi kuchora magari mazima. Enzi za Kundi B katika rali, miaka ya 1980, kizidisho cha turbo kilikuwa 1.4 vilevile, na daraja la ujazo ndilo lililoamua uzito wa chini wa gari. Toyota Celica Twin Cam Turbo, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986 na ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa vumbi lake, ilikuwa na cc 2090. Zidisha: 2926, chini kidogo ya 3000. Lancia Delta S4 ilikuwa na cc 1759, yaani 2463, chini kidogo ya 2500. Audi Quattro ilianza na cc 2144, na hapo hesabu inagonga 3002. Wamevuka mpaka kwa cc mbili! Kwenye toleo la Quattro A2 wakapunguza injini hadi karibu 2110 ili gari liruhusiwe kuwa jepesi zaidi. Ikiwa kiwanda kikubwa kilikubali kupunguza injini yake kwa sababu ya mstari mmoja wa kanuni, wewe na mimi tusione aibu kuchukua kikokotoo.

Baadaye FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, ilipandisha kizidisho cha turbo za petroli katika rali hadi 1.7. Hapa ndipo wateja wetu waliozoea rali za nyumbani wanapojichanganya. Kwa 1.7, ile Glanza ingekuwa 2263 na kupanda daraja. Kwa hiyo usihesabu kwa kanuni ulizosoma za mchezo mwingine au nchi nyingine. Soma za mbio unazokwenda.

Nije kwenye Civic Type R ya toleo la EP3, kwa sababu tunazipata nyingi na zote zina mtego mmoja. Injini yake ya K20 ina silinda za upana wa milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86. Ujazo ni cc 1998. Haina turbo, kwa hiyo imekaa ukingoni kabisa mwa daraja la hadi 2000, na humo ni gari hatari sana. Sasa injini imechoka, inakula oili, unaipeleka kwa fundi wa mashine aipanue silinda na kuweka pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko za kiwandani. Ni kazi ya kawaida, kila fundi anaifanya. Ovasaizi ya robo milimita tu inakufikisha cc 2010. Ya nusu milimita, 2022. Nguvu uliyoongeza huwezi kuihisi, lakini umeshaingia daraja moja na Impreza na magari ya lita tatu. Kwa injini hii ushauri wetu huwa mmoja: kama silinda zimeliwa, tafuta bloku nyingine yenye saizi ya kiwandani au weka silivu mpya (kuta za ndani za silinda) za milimita 86. Ni ghali kuliko kupanua. Lipa.

Na kama unanunua gari lililowahi kufunguliwa injini, dai risiti za kazi ile. Kadi itasema 1998 hata kama ndani mna pistoni za ovasaizi.

Sasa kiasi cha mabadiliko. Motorsport UK, chama kinachosimamia michezo ya magari nchini, kina ngazi kadhaa. Chini kabisa ni magari ya barabarani yaliyotengenezwa kwa wingi. Magari ya barabarani ya idadi ndogo, pamoja na yale ya kujiunganishia nyumbani, yana ngazi yao pembeni. Juu yake ni magari ya kiwandani yaliyobadilishwa, kisha kundi huru ambalo huku huitwa Sports Libre, halafu magari ya mbio yenyewe yenye kiti kimoja. Gari la barabarani linatakiwa liwe la barabarani kweli: limesajiliwa, lina MOT, yaani cheti cha ukaguzi wa gari, na linaweza kukurudisha nyumbani jioni. Kwa kawaida humo unaruhusiwa kugusa springi, shokomzoba, breki na ekzosi bila kusumbuliwa. Ukianza kung'oa mapambo ya ndani, kuweka vioo vya plastiki au kufunga tairi za mbio zisizo na kashata, unaelekea ngazi ya pili. Ukikata sakafu na kuhamisha injini, karibu Sports Libre, ambako kuna watu wanaojenga magari gerejini mwao kwa miaka na hawana huruma.

Jambo ambalo tunalirudia kila wiki ni kwamba gari halipangwi kwa wastani. Linapangwa kwa badiliko lake kali kuliko yote. Unaweza kuwa na Starlet ya kawaida kabisa, redio inaimba, kiti cha mtoto nyuma, lakini umeweka vioo vya plastiki kwa sababu uliona vinauzwa rahisi. Ni kama tone la mafuta ya taa kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Umeokoa kilo chache, na umekwenda kushindana na magari yaliyopunguza mia mbili.

Tairi zina habari yake. Magari ya barabarani hutumia tairi zilizo kwenye orodha zinazotolewa na chama, nazo zimegawanywa: Orodha 1A ni tairi za kawaida za barabarani, 1B ni laini zaidi, karibu na za mbio ingawa zina kashata. Waandaaji wengine wanakubali zote mbili katika daraja moja, wengine wanatenganisha. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na tairi kwenye orodha mbili. Angalia jina kamili ubavuni. Kupaka tairi dawa ya kulilainisha ni marufuku, hata kama jirani yako uwanjani anakuambia kila mtu anafanya.

Wapo wanaodhani kwamba mkaguzi akibandika stika yake asubuhi, daraja nalo limethibitishwa. Sivyo. Asubuhi ile kazi yake kubwa ni usalama: mkanda, kofia ngumu, betri, breki, mafuta yasivuje. Daraja umelitangaza wewe kwenye fomu, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Mshindani mwenzako ana haki ya kulipa ada na kukuwekea pingamizi, na hata bloku inaweza kupimwa. Watu wa milimani ni wakarimu, watakuazima jeki na spana, lakini wanajua magari ya daraja lao kuliko unavyolijua la kwako.

Ukivuka kwenda Ulaya bara, weka kando sehemu kubwa ya haya. Tangu 2021 mashindano ya FIA ya kupanda mlima, kwa magari yenye paa, hayatangulizi ujazo wa injini. Gari hupewa alama inayoitwa Pf, kutokana na majibu unayojaza mtandaoni kuhusu uzito, injini, gia, muundo wa bodi na mabawa. Alama ndogo maana yake gari la kasi, na ndiyo inayokupanga kundi. Binafsi naona ni mfumo wenye haki zaidi, hasa kwa mtu mwenye injini kubwa ndani ya gari zito. Ila kujaza ile fomu kwahitaji subira.

Anayeanza, ushauri wetu ni abaki daraja la barabarani misimu miwili. Badili oili ya breki, weka pedi nzuri, tairi mpya za Orodha 1A, shokomzoba ambazo hazijafa, kisha jifunze njia. Turbo kubwa ingojee mpaka ujue ni wapi hasa unapoteza muda. Mara nyingi ni kona ya kwanza na pale unapoondokea, na turbo kubwa inayochelewa kushika itakuzidishia tatizo hilohilo.

Kazi yetu ya kupanga daraja tunaifanya kabla ya kufungua boneti kwa lengo la kubadilisha chochote. Ukija, leta kadi ya gari, risiti za injini kama iliwahi kufunguliwa, na kanuni za nyongeza za mbio unazotaka kuingia, kwa sababu waandaaji wanaweza kugawa madaraja kwa namna yao. Piga picha ubavu wa kila tairi. Orodhesha vipuri ulivyokwisha nunua hata kama bado vimo kwenye boksi, na kwa hivyo vilivyomo kwenye boksi, tafadhali usitupe risiti ya duka. Vingine tutakushauri uvirudishe.